Habari Isiyosemwa kwa Simu

Jirani yangu ameotesha mrehani kwenye makopo ya rangi, kayapanga juu ya ukuta unaotutenganisha, na kila jioni akiyamwagia maji ile harufu inavuka inakuja kunikuta nikianua nguo. Wiki iliyopita nilisimama na shuka mkononi hata nikasahau ninachofanya. Wenzangu mliolelewa huku nyumbani, mrehani kwenu ni harusi, ni kikuba, ni nywele za bibi arusi. Mimi ukininusisha mrehani nauona uwanja mkubwa wa majani mjini Riyadh, asubuhi ya baridi, na mamangu anatembea mbele yetu kwa haraka, tumbo lake limemtangulia.

Sisi tulikuwa watu wa Jeddah. Tuliishi Ruwais, chumba na sebule, ghorofa ya juu, kwenye nyumba iliyokuwa ikimwaga chokaa kila mtu akifunga mlango kwa nguvu. Babangu alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Rawdah, watu wa mali. Jeddah haina majira ya maua. Ina joto, halafu ina joto la kuzidi, na katikati hapo kuna siku chache ambazo watu hufungua madirisha. Kwa hivyo Baba aliponiambia kwamba Riyadh kuna rabii, kwamba mvua ikishanyesha hata jangwa huota majani na watu hutoka na mazulia yao kwenda bustanini kutwa nzima kutazama maua, nilijua ananitania. Baba alikuwa mtu wa mizaha, aliwahi kuniambia kwamba ngamia hutaga mayai na nikaenda kulisema darasani.

Riyadh alikuwako Mama mdogo Rukia, mdogo wake Mama wa kumfuatia. Alikuwa akifanya kazi za ndani, wa kulala hukohuko, na siku ya kutoka hakuwa nayo. Akitoka, basi ametoka na familia, na mtoto wao kamshika mkono. Tangu aje kutoka Mombasa, dada hawa wawili walikuwa nchi moja na hawajaonana hata mara moja. Walikuwa na simu tu. Rukia akipiga kutoka chumba cha kufulia, mashine ikinguruma nyuma yake, na Mama akimjibu kwa makelele, ungedhani anataka asikike Riyadh bila ya simu.

Basi Bibi, mama yao, akafariki Mombasa.

Hilo mimi sikuambiwa, lakini nyinyi nawaambia mapema ili muelewe yaliyofuata. Mjomba hakumpigia Mama, alimpigia Baba. Baba akaomba ruhusa kazini, akaja nyumbani mchana, akamkalisha Mama kitandani, akamshika mikono yote miwili, ndipo akamwambia. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Mtu aliye peke yake ugenini hatupiwi habari ya kifo kwenye simu. Hutafutwa kwanza mtu wa kwenda kukaa naye, amshike, akianguka amwinue, ndipo aambiwe. Mimi nilirudi shule nikamkuta Mama macho mekundu, akasema ni vitunguu. Nilifichwa kwa sababu ya mdomo wangu. Rukia akipiga, mimi ndiye niliyeruka kuipokea simu, na kila lililotokea nyumbani kwetu alilipata kwangu, kuanzia panya aliyeingia jikoni hadi alichosema Baba akiwa na hasira.

Sasa Rukia alikuwa na nani huko wa kumshika? Hakuna. Mjomba akakata shauri asiambiwe mpaka mmoja wetu amfikie. Na ili asishuku, Mama akawa anamwambia, "Kaka amepiga. Mama yuakusalimu sana. Koo limemkamata, hawezi kusema kwa simu." Na upande wa pili Rukia akijibu, "Alhamdulillahi. Mwambie Kaka amchemshie tangawizi." Ikawa ndio mazungumzo yao, wiki nenda wiki rudi. Mimi nikiyasikia, nikawa kila nikimaliza kusali namwombea Bibi koo lipone.

Mama alikonda, na mimba ile aliyokuwa nayo. Hofu yake ilikuwa moja, kwamba Rukia atakuja kusikia kwa mtu mwingine, akiwa peke yake katika nyumba ya watu, hana hata mahali pa kulilia. Alimwambia Baba, "Akisikia kwa watu kabla sijafika, mimi sitakuwa na uso wa kumtazama tena."

Nafasi ililetwa na gari. Shule zilikuwa zimefungwa, bosi wa Baba ameshatangulia Riyadh kwa ndege na watu wake, na akataka gari lake kubwa limfuate, kisha Baba arudi Jeddah na dogo. Baba akaomba atuchukue mimi na Mama, akakubaliwa. Mama akampigia Rukia akamwambia twaja kutembea, basi. Rukia alifurahi hata akapiga kigelegele humo humo chumbani mwa kufulia. Akasema Ijumaa familia yake inakwenda bustanini kwenye maonyesho ya maua na watakaa mpaka alasiri. "Njooni upande wa watoto, karibu na hema la miche," akasema. "Sisi ndipo tunapokaa." Sisi, yaani akina dada wa Kenya. Siku zile za rabii ndizo walizoonana, kila mmoja na mtoto wa watu ubavuni.

Mama alifunga mahamri, akafunga na leso mbili mpya za rangi ya kiza. Nilidhani ni zawadi, nikaona ni zawadi mbaya, maana Rukia alipenda rangi ya machungwa. Njia nzima hakutia kitu kinywani. Baba akamwambia, "Basi kula kwa ajili ya huyo wa tumboni, yeye hana neno na mtu." Mama akamega hamri moja, akalishika mkononi mpaka tukapita milima ya Taif.

Ijumaa asubuhi tukaingia bustanini, na sikuwa nimewahi kuona majani mengi namna ile ya kukanyagwa bila ya mtu kukufukuza. Kulikuwa na baridi, nimevaa sweta la shule, na udongo uliomwagiwa maji alfajiri ulikuwa ukitoa harufu nzito, tamu, ambayo Jeddah sikuijua. Maua yametandazwa chini mekundu, ya zambarau, meupe, na askari mwenye filimbi akiwapigia watoto waliotaka kuyakanyaga. Mbele kidogo palikuwa na hema la wafuga nyuki, mzee mwenye kanzu ya kahawia akiwaonjesha watu asali kwa vijiti. Upande mwingine watoto wakirusha tiara. Kijana mmoja alikuwa na darubini juu ya miguu mitatu, anawaonyesha watu ndege wanaopumzika mitini kabla ya kuendelea na safari yao ya kaskazini. Na wenyeji wamekaa juu ya mazulia, familia kwa familia, gahawa inanukia iliki. Baba wa watu, nikamwomba msamaha kimoyomoyo. Rabii ilikuwa kweli.

Mama alimwona Rukia kabla Rukia hajatuona. Alisimama, akavuta pumzi, akarekebisha mtandio, kisha akaenda kwa ile haraka niliyowaambia.

"Wuui! Dadangu!" Rukia akapiga ukelele uliowageuza watu. Wakakumbatiana, tumbo la Mama katikati yao. Rukia akarudi nyuma akamtazama. "Yakhe, umekuwa mtungi! Na huyu ndiye kasuku wangu wa kwenye simu?"

Nilikasirika kuitwa kasuku, halafu nikafurahi. Lakini nyuma ya abaya yake kulikuwa na mtoto wa kike mweupe, mdogo kwangu kidogo, kamng'ang'ania, na Rukia akainama akampangusa kamasi kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe. Nikaona wivu wa kuchoma. Nilidhani Mama mdogo amezaa na hakutuambia. Mtoto aliitwa Lulwa, na alikuwa wa madam wake.

Mama akatandika leso moja juu ya majani, wakakaa. Akaniambia, "Mchukue mwenzio mkapande maua. Msirudi mpaka niwaite." Mamangu huyu, ambaye Jeddah hakuniachia hata niende dukani chini ya nyumba! Sikungoja aseme mara ya pili.

Kwenye hema la miche kila mtoto alipewa mche wa mrehani na nafasi yake kwenye kitalu. Msichana wa kujitolea, glavu zimemfika viwikoni, alituonyesha kutoboa shimo kwa kidole, kuuteremsha mche, kisha kuufunika udongo taratibu. Lulwa alikuwa akiukandamiza udongo kwa ngumi. Nikamwambia kwa Kiarabu, "Unaua." Akaangua kilio, nikambembeleza kwa kumpa nafasi yangu. Nilipoinua kichwa, nikawaona.

Mama amemshika Rukia mikono yote miwili. Midomo yake inacheza. Halafu nikamwona Rukia ndiye anayesema, na Mama kinywa kimebaki wazi. Kisha wakaangukiana wakalia, mabega yakiwatikisika. Kisha wallahi wakacheka, wamewekeana vipaji vya nyuso, wanacheka. Kisha wakalia tena.

Maneno waliyosema niliyapata baadaye kwa Mama, na ameyarudia mara nyingi hata nayajua kwa mpangilio wake.

Mama alianza, "Rukia, mdogo wangu, Kaka alipiga simu..." akakwama.

Rukia akamtazama usoni, akamuuliza polepole, "Dada, kwani wajua?"

"Najua nini?"

"Mama."

Rukia alikuwa akijua tangu wiki ile ile. Binti mmoja wa mtaani kwao, anayefanya kazi Dammam, alimwandikia ujumbe wa pole akidhani ameshaambiwa. Kesho yake akamsikia Mama kwenye simu anamletea salamu za Bibi na habari za koo. Rukia akaona, ala, kumbe Kaka anamficha dada kwa sababu ya mimba. Basi na yeye akaamua kuficha mpaka mtoto azaliwe. "Ningekwambia kwa simu ukaanguka," akamwambia Mama, "nani angekuinua huko juu ghorofani?"

"Na tangawizi je?" Mama akauliza.

"Ulitaka niseme nini? Umeniambia koo!"

Hapo ndipo walipocheka. Fikirini, watu wawili kila jioni wanamtibu koo marehemu, kila mmoja akidhani anamwokoa mwenzake. Wakiisha kucheka Mama akamuuliza alilia wapi. Rukia akasema, chumba cha kufulia. Mashine ikizunguka, alilia. Ikisimama, alinyamaza, akaanika nguo.

"Na mbona ukawa waniuliza hali yake kila siku, na wajua?"

"Nilipenda kusikia," akasema Rukia. "Wewe ukisema Mama yuakusalimu, nilijua ni uongo wa Kaka. Lakini naitikia. Hapo naweza kulala."

Mama husema ni maneno hayo yaliyomvunja, si kifo. Safari yote ile alikuja kumshika mdogo wake asianguke, na mdogo wake alikuwa ameshaanguka, ameshainuka, na bado anamshikilia yeye.

Wa kwanza kuja alikuwa Naliaka, mwanamke mrefu wa Bungoma, anasukuma pacha wa watu kwenye kigari. "Rukia, nini mbaya?" Akaambiwa. Akaegesha kigari, akashika kiuno. "Na hukutuambia? Wiki zote hizi tunakaa hapa tukipiga story, tunacheka, na wewe umebeba hiyo kitu peke yako? Wewe ni mtu aina gani, Rukia?" Alikuwa akimgombeza na machozi yanamtoka. Kisha akavua viatu, akakaa kwenye leso, akamvuta kichwa akakilaza kifuani kwake.

Wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mtu na mtoto wake wa kazi. Habari ilipita bustanini bila ya mtu kuitangaza. Wakakaa duara kwenye majani. Mmoja wa kutoka Malindi akaongoza Fatiha, na wale wa kanisani wakainamisha vichwa. Mtu akatoa karatasi za kufutia machozi, mwingine akamenya machungwa yaliyokuwa ya watoto. Na hakukuwa na hata mmoja aliyeweza kulia akamaliza, maana macho yalitakiwa kazini. Katikati ya dua utasikia, "Yusufu! Shuka hapo!" Kwa hivyo walilia kwa zamu. Hawa wakiinama, wale wanahesabu vichwa vya watoto. Walimwekea Bibi yangu matanga mazima namna hiyo, kati ya hema la nyuki na tiara, na hakuna mtoto wa mtu aliyepotea.

Mimi kwenye kitalu changu niliwaangalia na nikaelewa kila kitu, au hivyo nilidhani. Niliona kila watu wana mchezo wao wa rabii. Wale wana asali, wale wana tiara, yule kijana ana ndege wake, na wanawake wa kwetu wao hukaa duara wakalia na kucheka. Na duara letu lilikuwa kubwa kuliko foleni ya asali. Nilijivuna, nikamwonyesha Lulwa kwa kidole, "Wale wetu."

Madam wa Rukia alikuja anatafuta mtoto. "Rukia, yalla, Lulwa yuko..." Akaona nyuso zao, akasogea. Mama, kwa kile Kiarabu chake cha sokoni, ndiye aliyemweleza. Madam akaweka kiganja kifuani, akauliza ni lini. Rukia akamtajia. Yule mama akakunja uso anakumbuka, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Siku tuliyokuwa na wageni. Ulitupikia." Rukia akaitika kwa kichwa. Madam alisimama pale muda, mikono haina kazi, kisha akarudi kwenye zulia lake. Haukupita muda binti yake mkubwa akaja amebeba birika la gahawa, vikombe, na sinia la tende, na ujumbe kwamba Rukia akae na dada yake mpaka alasiri, Lulwa ataangaliwa.

Nchi ile gahawa na tende ndivyo wapewavyo wafiwa. Mimi nilijua tu kwamba zimekuja tende. Nikakimbilia duara letu, nikala nyingi, na Naliaka akanipangusa vidole.

Alasiri ikafika. Wanawake wakainuka mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa mtoto wake. Rukia akanawa uso kwa maji ya chupa, akajitengeza, na Mama akamfunga leso ya pili mabegani juu ya abaya. "Uzae salama," Rukia akamwambia. "Na mara hii nipigie wewe, usimtume kasuku." Alikwenda na hakugeuka nyuma. Mama alisimama mpaka ile leso ikachanganyika na watu, na Baba akaja kumshika kiwiko.

Tulilala kwa rafiki yake Baba, asubuhi tukaanza safari ya kurudi na lile gari dogo. Mama aliongea njiani, hata akala. Mimi nilikuwa nyuma, moyo umejaa rabii, nasema peke yangu kama kawaida yangu. Nikasema Bibi akipona koo nitamsimulia yote, nyuki, na ndege wa darubini, na duara letu kubwa la kulia.

Mama akamtazama Baba. Baba akaingia kituo cha mafuta, akaegesha pembeni penye kivuli cha malori. Mama akashuka, tumbo na yote, akaja akafungua mlango wa nyuma, akakaa karibu yangu, akaufunga. Akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu," akasema, "Bibi yako hana koo. Bibi amefariki. Tumemzika."

Nakumbuka mikono yake ilikuwa na joto. Nakumbuka harufu ya mafuta na mtu anapiga honi mbali. Nililia mpaka nikapaliwa, na yeye hakuniambia ninyamaze, alinishika tu. Bibi ndiye aliyenifundisha kufunga leso, tulipokwenda likizo Mombasa. Ndiye aliyekuwa akinichekea kila neno nililosema, hata la upuuzi. Nililia hata sweta likalowa, na Mama naye akalia nami, na Baba ameelekea mbele, mikono kwenye usukani wa gari lililozimwa.

Halafu nikakumbuka jambo, nikashtuka, nikajitoa mikononi mwake.

"Mama mdogo je?"

"Mama mdogo amefanya nini?"

"Usimwambie kwa simu, Mama," nikasema. "Yuko peke yake. Mwambie Baba ageuze gari."